Asilimia 95 ya nani? Kisa cha halati na shamba lililokaribia kuuzwa

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, mdogo wake mama, na hapa nitamwita halati tu inatosha. Ana miaka 44, anakaa Amu, yaani Lamu, mumewe ni fundi wa majahazi kule Matondoni. Mwisho wa 2024 alipimwa akakutwa na saratani ya titi. Sitaki kueleza ugonjwa peke yake, nataka tuangalie jinsi ukoo mzima ulivyokaa ukaamua atibiwe wapi, kwa sababu pale katikati iliingia namba moja, asilimia 95, na kwa namba hiyo ilibaki kidogo tu tuuze shamba la minazi alilotuachia babu kule Hindi, hapa hapa Lamu upande wa bara.

Kwanza ugonjwa ulivyokuja. Siku chache kabla ya Ramadhani ya 2024 alikuwa akioga akagusa kitu kigumu titi la kushoto, upande wa kwapani, kama kokwa ya tende, hakimuumi. Na kule kutouma ndiko kulikomfanya akae, akajiambia kisichouma si ugonjwa. Ramadhani ikapita, masika yakaja maji yakakata barabara ya Gamba magari hayapiti, baada ya hapo ikawa ni harusi ya binti yake mkubwa na nyote mnajua harusi ya Amu si shughuli ya siku moja. Katikati akapewa kombe, yale maji ya aya za Kurani, akanywa, akasomewa, na mimi sina neno na hilo, mtu kumuomba Mola wake ni haki yake, lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia kunywa kombe leo na kesho nenda kliniki, mambo mawili haya wala hayagombani. Agosti ndo akaenda. Kufikia hapo donge lilikuwa limeshapita sentimita 5 na kwapani matezi yamevimba.

Kutoka siku aliyoingia kliniki mpaka siku aliyopewa jibu kamili zilipita wiki kama 11. Wiki hizi nazitaja kwa sababu ndo sehemu ya kisa ambayo watu hawaiangalii. Ultrasaundi ilingoja zamu. Sindano ya kwanza ya kutoa kinyama ikarudi na jibu kwamba sampuli haikutosha, ikabidi arudi Mombasa kutobolewa tena. Jibu likasema ni saratani, ila daktari akataka kipimo kingine cha kujua hiyo saratani inalishwa na homoni au la, na kama ina protini ya HER2, hicho nacho kikapelekwa Nairobi. Wengi hapo wanaona wanazungushwa tu. Wallahi si kuzungushwa, manake bila kile kipimo daktari hajui ampe dawa gani, na kwa halati kilikuja kubadilisha mambo kabisa kama nitakavyosema mbele. Skani ya kifua na tumbo ikaonyesha haijasambaa. Kwa hivyo: steji ya 3, yaani hatua ya tatu kati ya nne, inalishwa na homoni, HER2 haina.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilianzisha mpango wa saratani ya titi na likaweka malengo matatu ambayo mimi nayapenda kwa sababu yanapimika. Angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe wakiwa steji ya 1 au ya 2, jibu lipatikane ndani ya siku 60 tangu mtu afike hospitali mara ya kwanza, na asilimia 80 wamalize matibabu yao. Ukimpima halati kwa hayo, la kwanza limemponyoka, la pili limemponyoka, lililobaki mkononi mwetu ni la tatu peke yake. Hilo nililishika tangu siku ile na sikuliachia.

Sasa wakala wa hospitali ya nje. Aliletwa na jirani, na niseme ukweli hakuwa tapeli, hospitali anayoifanyia kazi ipo India kweli, ina madaktari na mashine. Akatuma karatasi kwenye grupu la Watsapu la familia, picha nzuri za vyumba, na kwa herufi kubwa: asilimia 95 ya wagonjwa wetu wa saratani ya titi wako hai baada ya miaka 5. Bei shilingi milioni 2 na laki 3, tiketi mbali, chakula na malazi ya anayemsindikiza mbali. Grupu likawaka moto. Kwa sababu siku hiyo hiyo kuna binamu alikuwa ameshatuma habari nyingine kwamba Afrika nusu ya wanawake hawafikishi hata miaka 3, basi watu wakaweka 95 huku na 50 huku, na nani atabisha hapo? Mjomba, kaka yake mkubwa halati, akasema shamba liuzwe wiki hiyo hiyo. Niliposema tungoje kidogo tuulize maswali akanigeukia: "Mwanangu, wewe wataka dada yangu afe kwa sababu ya minazi?"

Mimi kazi yangu ni rekodi za hospitali, nakaa Malindi, miaka mingi naishi na mafaili. Najua namba inatoka wapi. Basi tukakaa barazani baada ya isha, wazee, mumewe halati, na halati mwenyewe yupo, manake sikubali kabisa ile tabia ya kumjadili mgonjwa akiwa chumba cha pili kama mtoto, nikawaelezea.

Hizo namba mbili zote zinaweza kuwa kweli na bado zisiwe zinalinganishwa. Ile ya 50 inatoka kwenye utafiti mkubwa uliofuata wanawake zaidi ya 2,000 katika nchi tano, Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia, ukatoka 2020. Waliwafuata kwa simu kila miezi mitatu mpaka wakajua nani yupo na nani katangulia. Nusu walikuwa hai baada ya miaka 3. Lakini wengi wao walifika hospitali wakiwa wamechelewa, steji ya 3 na ya 4, na wengi hawakumaliza dawa. Watafiti wenyewe walikadiria kwamba kati ya vifo vile, asilimia 28 mpaka 37 vingezuilika kwa kugunduliwa mapema kidogo na kupata matibabu kamili. Hawakusema mpaka mtu apande ndege.

Halafu nikawapa hesabu ya steji. Marekani, wanaobaki hai baada ya miaka 5, kwa wanawake ambao saratani iko ndani ya titi tu ni karibu asilimia 99, ikishafika matezi ya kwapani ni kama 87, ikisambaa mwilini ni kama 32. Nchi ni moja na dawa ni zile zile, ona tofauti hiyo. Sasa jipangie hospitali mbili kichwani. Ya kwanza inapokea wanawake 100, wale 80 wako hatua ya mwanzo na 20 imefika kwapani. Piga hesabu, inatoka kama 97. Ya pili inapokea 100, kumi tu ndo wa mapema, 50 imefika kwapani, 40 imesambaa. Inatoka 66. Madaktari nimeweka wale wale, dawa zile zile, nimebadilisha tu nani anaingia mlangoni. Mtu akiziona namba hizo kwenye karatasi atakimbilia ya kwanza auze na nyumba, na huenda madaktari wa ile ya pili ndo hodari zaidi manake wanabeba mizigo mizito.

Na nani anapanda ndege kwenda kutibiwa nje? Ni mtu mwenye pesa, mwenye nguvu za kukaa kitini masaa mengi, aliyepewa ruhusa na daktari kusafiri. Aliyezidiwa hapandi. Kwa hivyo hospitali ya mbali inachujiwa wagonjwa kabla haijafanya lolote, si kosa lao, lakini namba inapanda yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo mjomba lilimfanya anyamaze. Nilimuuliza, mjomba, mtu wa Amu akishatibiwa India akarudi nyumbani, baada ya miaka 4 akafariki akazikwa hapa, yule karani wa India atajuaje? Kama hakuna aliyempigia, faili lake litasema mara ya mwisho alipoonekana alikuwa mzima. Wako wanaomhesabu mtu kama huyo kuwa yuko hai. Wako wanaomtoa kabisa kwenye hesabu. Wachache sana wanaomtafuta. Mimi kwenye kazi yangu nimeona mafaili kama hayo kwa marundo, na kila moja likihesabiwa kizembe namba inazidi kupendeza.

Kuna na hii ya wakati. Wanawake wawili, wote Mola kawaandikia kuondoka 2030. Mmoja kagunduliwa 2023, mwengine 2027. Wa kwanza ataandikwa ameishi miaka 7 na saratani, kapita ile miaka 5, ni ushindi. Wa pili ameandikwa miaka 3. Kaburi ni mwaka mmoja. Sisemi kupima mapema hakusaidii, kwenye titi kunasaidia sana na wanawake wanaishi kwa sababu hiyo, nasema tu miaka 5 ya kwenye karatasi inaweza kunenepa kwa saa kuanza kuhesabiwa mapema.

Tukamwandikia wakala maswali. Asilimia 95 ni ya steji gani? Ni ya wote walioanza matibabu au waliomaliza tu? Waliopotea mmewaweka wapi? Steji ya 3 peke yake ni ngapi? Nampa heshima yake, alirudi na jibu la kweli baada ya kuuliza kwao: ile 95 ni ya steji ya 1 na ya 2, waliomaliza matibabu. Ya steji ya 3 hakupewa. Yaani namba iliyotaka kuuza shamba letu haikuwa ya halati hata kidogo.

Lililobaki ni kulinganisha dawa, na hapa ndo muhimu kuliko yote. Karatasi ya India ilipendekeza kwanza kemo, zile dawa kali za kuua saratani, kupunguza donge, kisha kukata titi, kisha mionzi, kisha kidonge cha homoni. Mombasa walipendekeza hivyo hivyo, dawa kwa majina hayo hayo, mpangilio ule ule. Kwa ugonjwa wa aina yake hakuna dawa ya siri iliyofichwa mahali. Nisieleweke vibaya, ziko saratani ambazo kipimo au upasuaji wake ni shida kupata kwetu na kwenda nje kuna maana, na ningekuwa wa kwanza kuchangisha. Hii haikuwa hiyo. Na pasipoti, viza, kutafuta mnunuzi wa shamba, kuchangisha, vyote vinakula wakati. Uchambuzi mmoja mkubwa wa 2020 ulikusanya tafiti nyingi ukakuta kila wiki nne za kuchelewesha upasuaji wa saratani zinaongeza hatari ya kufa kwa asilimia 6 mpaka 8. Sisi tayari tulishapoteza miezi.

Halati mwenyewe akauliza swali moja tu, nikitibiwa Mombasa nitalala kwa nani? Tukajua jibu limepatikana.

Shamba halikuuzwa. Mjomba aliuza mavuno ya nazi na mbao za minazi michache iliyozeeka, na tukachangishana. SHA, bima ya afya ya serikali, ilikuwa ndo imeingia, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 badala ya ile ya zamani ya NHIF, na fungu la saratani lilikuwa laki 4 kwa familia kwa mwaka, zikiisha kuna laki 1 na nusu kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Zile zinalipa hospitali. Hazilipi boti ya kuvuka Mokowe, basi la alfajiri, Witu, Garsen, mpaka Mombasa, wala chakula, wala mtu wa kumshika mkono. Na ukiniuliza watu wa Lamu wanaachia matibabu wapi nitakwambia wanaachia hapo kwenye nauli. Kwa hivyo pesa ya familia yote tukaielekeza huko: nauli, malazi, na akiba kidogo ya vipimo. Akitoka kemo alikuwa analala kwangu Malindi usiku mmoja au miwili kabla hajaendelea na safari.

Kemo ilikuwa mara 8, kila baada ya wiki tatu, nne za kwanza zina ile dawa nyekundu ambayo hata mkojo hugeuka rangi, ukienda chooni ukaona usiogope. Kabla ya kila dozi damu lazima ipimwe, seli nyeupe zikiwa chini unarudishwa nyumbani. Fikiria mtu katoka Amu usiku wa manane anafika Mombasa anaambiwa damu haijapanda rudi wiki ijayo. Ilimtokea, na ndipo mtu anapokata tamaa. Dawa yake ikawa rahisi: damu ikapimwa Amu siku mbili kabla, picha ya jibu ikatumwa kwa nesi wa Mombasa, nesi akisema sawa ndo anavuka. Nauli ngapi ziliokolewa hapo, na nguvu zake pia.

Ramadhani ya 2025 ikamkuta katikati ya kemo. Akataka kufunga. Shehe alimwambia mgonjwa ana ruhusa, atalipa akipona au atatoa fidia, akatulia. Usiku mmoja wa mwezi huo huo homa ikampanda. Mumewe alikuwa ameshaambiwa na nesi, homa ikifika 38 usimpe panadol ukalala, mlete. Kipimajoto kikasoma 38.4 wakatoka saa ile ile, hospitali ya King Fahd iko pale pale kisiwani, akatundikiwa antibayotiki ya mshipa kabla ya alfajiri. Mtu wa kemo hana askari mwilini, homa ya usiku mmoja inaweza kumchukua kabla saratani haijafanya kitu. Kipimajoto kile kilinunuliwa duka la dawa kwa bei ya samaki wa siku moja.

Julai akakatwa titi. Jibu la maabara lilisema donge lililokuwa zaidi ya sentimita 5 limebaki sentimita 1.2, na matezi 14 yaliyotolewa, mawili bado yalikuwa na saratani. Hii ndo namba yake yeye, hii ndo inayosema kitu juu ya mwili wake, si ile ya karatasi. Septemba mionzi, mara 15 kwa wiki tatu. Zamani ilikuwa ni 25 kwa wiki tano na bado wako wanaopewa hivyo, lakini tafiti za Uingereza zilishaonyesha 15 inafanya kazi sawa, na kwa mtu wa kupanga chumba Mombasa wiki mbili ni pesa nyingi. Oktoba 2025 akaanza tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku, na hapa ndo kile kipimo kilichotukalisha wiki tukilalamika kikalipa: kwa saratani inayolishwa na homoni, kumeza tamoksifeni miaka 5 kunapunguza vifo vya ugonjwa huo kwa kama theluthi moja katika miaka 15. Kidonge rahisi, hakina picha nzuri kwenye karatasi. Kinamletea joto la ghafla usiku na viungo vinamuuma, na mara mbili tatu ametaka kukiacha.

Siku ya kliniki alimuuliza daktari, "Mimi sasa ni asilimia ngapi?" Daktari hakumpa namba. Akamwambia saratani ya aina yako inaweza kurudi hata baada ya miaka 10, kwa hivyo miaka 5 si mstari wa kumaliza, ila kila ulichokimaliza kimekusogeza upande mzuri, na kidonge hiki usikiache. Mimi naona ni jibu la heshima. Kuna ndugu walikasirika, wanataka kuambiwa amepona. Hajaambiwa amepona na hajaambiwa anakufa, na ndivyo ilivyo.

Nikirudi kwenye lile lengo la tatu, kumaliza. Benchi la kemo halati alikaa na wanawake wanne, wakazoeana, wakabadilishana namba za simu. Wawili walimaliza naye. Mmoja, wa upande wa Hola, pesa ilikatika baada ya dozi ya tatu akaenda nyumbani. Mmoja wa karibu na Garsen aliacha kuja, na halati alipompigia akapokea binti yake akasema mama tulimzika mwezi uliopita. Nilipomuuliza halati kama kuna aliyeiambia hospitali akashangaa, wanamwambia nani na kwa nini? Ndo mambo haya. Faili la mama yule lingebaki na maneno hakurudi, na siku mtu akitaka kujua wagonjwa wa Pwani wanaishi muda gani angekuta tundu. Binti akakubali, tukapiga simu pamoja, karani akaandika tarehe. Haichukui hata dakika tano.

Na wa Hola tulimpata pia. Hakuwa amejisajili SHA kabisa, alikuwa akilipa mfukoni dozi zote tatu. Ameshasajiliwa, dozi ya nne alipewa mwezi uliopita, imechelewa sana na daktari hakumficha hilo, lakini ameanza tena na anapolala Mombasa ni kwa yule yule mwenyeji aliyempokea halati.